Mwalimu akitajwa kwa mambo mabaya na mwanafunzi: mkuu wa shule afanye nini, hatua kwa hatua (Kenya)

Hii naandikia wakuu wa shule na madipti wa hapa kwetu Kenya, pamoja na yule mwalimu ambaye prinsipali ameenda mkutano na ndio kaachiwa ofisi siku mambo yanalipuka. Kitu kimoja tuelewane mapema ndio hizo zingine zishikane: ukipata habari kwamba mwalimu amemdhuru mwanafunzi, kazi yako kisheria ni kuipeleka hiyo habari kwa wanaohusika, tena haraka. Kama ni kweli au ni uongo hiyo ni ya polisi, TSC (Tume ya Huduma za Walimu) na mahakama. Wakuu wengi nimeona wakiingia taabani hawakuwa wamemgusa mtoto yeyote, walikalia maneno tu, "wacha kwanza tuchunguze kidogo", wiki mbili zikaisha, mzazi akaenda polisi mwenyewe, na swali la kwanza pale likawa mkuu wa shule alijua lini.

Waraka wa TSC namba 3 wa 2010 unasema mtu akijua au hata akishuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kingono anafaa kuripoti ndani ya masaa 24, na anayenyamaza au kuficha anachukuliwa hatua za nidhamu yeye mwenyewe. Umeona hapo, hata kushuku. Hausubiri ushahidi.

Hatua ya 1: Jua ni kosa la aina gani

Sio kila kitu ni cha kukimbilia polisi. Mwalimu anayechelewa, anayekosa darasa bila ruhusa, anayekuja amelewa, huyo unaanza naye ofisini: unamwita, unaandika, unampa barua ya onyo, akiendelea anapewa barua ya kujieleza na mambo yanaenda kwa bodi ya shule au TSC. Hapa kinachokuokoa ni rekodi. Rejista ya kusaini walimu na ile ya vipindi zikiwa na mapengo hauna kesi, utabaki unaongea tu.

Viboko ni kesi nyingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, imekataza adhabu ya kuchapa na pia mateso ya akili, faini ni mpaka shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita au vyote viwili. Najua stafurumu nyingi bado zinaona hii ni maneno ya Nairobi, lakini mtoto akiumizwa hiyo sheria ndio itasomwa, haitaulizwa mlikuwa mmezoea nini.

Halafu kuna mambo ya kingono, na ndio nitakaa sana hapo kwa sababu ndio yanafichwa sana. Mapenzi na mwanafunzi, kumshika shika, meseji chafu, kumwita nyumbani usiku, yote hayo yanaripotiwa. Usikubali kuambiwa "huyo msichana ameshafika 18", kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinamshika mwalimu anayetumia cheo chake kumpata mwanafunzi hata pale ambapo sio ubakaji wala unajisi, na kifungo ni kuanzia miaka kumi. Akiwa chini ya miaka 18 na kitendo chenyewe cha ngono kimefanyika, ni unajisi moja kwa moja: mtoto wa miaka 11 kushuka chini kifungo ni cha maisha, 12 mpaka 15 ni miaka isiyopungua 20, na 16 mpaka 18 isiyopungua 15. Eti alikubali? Mtoto hana uwezo wa kukubali.

Hatua ya 2: Msikize mtoto, usimhoji

Hapa ndio kesi nyingi zinaharibikia na watu wanakuwa na nia nzuri kabisa. Mtoto ameambia madam wa gaidansi, madam akaambia dipti, dipti akamwita mtoto asimulie tena, kisha kamati ya nidhamu ikaketi watu saba na huyo mtoto katikati anaulizwa alikuwa amevaa nini. Wakati anafika kwa polisi ameshasimulia mara tatu kwa maneno tofauti, na wakili wa mwalimu atazitumia hizo tofauti zote.

Fanya hivi. Mtu ambaye mtoto alimwamini kwanza ndiye aendelee kukaa naye. Amsikize, aulize maswali machache ya wazi tu, nini kilitokea, wapi, lini, nani, na asimtilie maneno mdomoni. Akimaliza aandike papo hapo maneno ya mtoto vile yalivyotoka, kama ni Kiswahili kibovu au lugha ya mama iandikwe hivyo hivyo, aweke tarehe na saa na asaini. Asimwahidi kwamba itabaki siri kati yao, maana haiwezi kubaki. Amwambie ukweli, nitaambia wale wanaoweza kukusaidia peke yao.

Na tafadhali usimwite mwalimu na mtoto wakae pamoja ofisini "tusikie pande zote". Pande zote zitasikizwa na watu wengine.

Hatua ya 3: Hospitali kabla ya makaratasi

Kama kuna kitendo chenyewe kilifanyika juzi au jana, mtoto anaenda hospitali saa hiyo. Dawa za kuzuia HIV, zile za PEP, zinafanya kazi zikianzwa ndani ya masaa 72, na za kuzuia mimba ndani ya masaa 120, kwa hivyo ile "tumngoje baba yake atoke safari" inaweza kumgharimu mtoto maisha yote. Asioge wala kubadilisha nguo kabla ya kuonwa na daktari. Nguo zikishatolewa zisifuliwe na ziwekwe kwenye karatasi, plastiki inashika unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitali watajaza fomu ya PRC, ile ya matibabu baada ya kubakwa, halafu kuna P3, fomu ya ushahidi wa majeraha ambayo polisi wanatoa na daktari anajaza. Usiseme unangoja P3 ndio umpeleke, matibabu hayangoji fomu.

Mzazi au mlezi apigiwe simu mapema, isipokuwa kama yeye ndiye anashukiwa kuhusika au kupokea pesa, hapo unaanza na afisa wa watoto.

Hatua ya 4: Ripoti, na upate namba

Polisi kwanza, uliza dawati la jinsia kama kituo kinalo, na usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Hiyo namba ndio ushahidi wako kwamba uliripoti, iandike kwa daftari ya ofisi na kwenye barua zote zitakazofuata. Halafu mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo au wa kaunti, na afisa wa watoto. Ukikwama usiku au mahali polisi wanakuzungusha, namba 116 ya watoto ni ya bure.

Piga simu lakini pia andika. Simu haina kopi. Barua ipelekwe kwa mkono, kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Barua yenyewe iwe fupi, watu wanaandika kurasa tatu za hasira na nusu yake ni maoni. Weka jina la mwalimu na namba yake ya TSC, darasa na umri wa mtoto, ulipata habari lini na kwa nani, maneno yenyewe, umefanya nini mpaka sasa, namba ya OB. Kitu kama hiki:

"Leo saa nne asubuhi nimepokea habari kutoka kwa mwalimu wa ushauri kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili, miaka 16, anadai kuwa mwalimu aliyetajwa hapo juu alimfanyia yafuatayo. Maelezo yake yameambatanishwa. Nimeripoti polisi, OB namba ni hii. Mzazi amejulishwa."

Neno "anadai" linakulinda wewe na linamlinda mwalimu pia. Usiandike "amemnajisi", wewe haukuwepo.

Hatua ya 5: Nidhamu ya kazi inaenda njia yake

Kesi ya polisi na kesi ya TSC ni mbili tofauti, moja haingoji nyingine. Sekondari, bodi inaketi, inasikiza na inaweza kumsimamisha mwalimu, wewe ukiwa katibu wa hiyo bodi. Shule ya msingi mambo yanashikwa na ofisi ya TSC ya kaunti. Mwalimu akipewa barua ya interdikshen, yaani ya kusimamishwa kazi kwa muda, ana siku 21 za kujitetea kwa maandishi, baadaye anaitwa asikizwe. Mpe hiyo haki yake kamili bila kumtukana kwa mkutano, kwa sababu walimu wengine wameponea huko juu si kwa kuwa hawakufanya, ni kwa kuwa bodi iliketi bila akidi au haikumpa nafasi ya kuongea.

Kuhusu simu: usimnyang'anye mwalimu simu yake, hiyo ni ya polisi. Simu ya mtoto yenye meseji ibaki vile ilivyo, ipelekwe kwa polisi na mzazi. Kama kuna picha za uchi za mtoto usijitumie ukisema unaweka ushahidi, Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 itakushika wewe sasa. Na grupu ya WhatsApp ya walimu isiandikwe chochote, jina la mtoto likishatoka hapo halirudi.

Hatua ya 6: Wale wageni watakuja

Watakuja, nakuhakikishia. Ndugu ya mwalimu, mzee wa kijiji, mtu wa chama, saa zingine chifu mwenyewe, saa zingine baba ya msichana akiwa ameshaongeleshwa na kuku wa kukaribisha maneno ameshaliwa. Wataomba imalizwe nyumbani. Waambie haiko mikononi mwako, na huo ni ukweli mtupu: kesi ya kingono ni ya serikali, kifungu cha 40 cha ile sheria ya 2006 kinaweka uamuzi wa kuisimamisha kwa mwanasheria mkuu, na tangu katiba ya 2010 mashtaka yako kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Mzazi hawezi kuiuza hata akitaka. Andika nani alikuja, saa ngapi, alisema nini.

Ombi lingine litakuja likiwa limevaa heshima, mwalimu ahamishwe kimya kimya au ajiuzulu, kila mtu abaki na jina lake. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, jaji akiwa Mumbi Ngugi, iliamua kesi ya wasichana wawili wa shule ya msingi huko Nakuru na kuwapa fidia ya milioni 2 na milioni 3, ikaiona TSC na serikali zina lawama pamoja na mwalimu, na ikasema wazi kuwahamisha walimu wa aina hiyo kutoka shule moja kwenda nyingine, au hata kuwafuta kazi tu, haitoshi. Akijiuzulu bado ripoti inaenda TSC, kwa sababu kinachofaa kuamuliwa ni kama atabaki kwenye rejista ya walimu, na hiyo inagusa shule za praiveti sawasawa, kule pia anayefundisha lazima awe amesajiliwa. Na usimwandikie barua ya sifa aende nayo.

Hatua ya 7: Mtoto bado yuko shuleni kwako

Angalia nani anamcheka, nani amemtoa kwa timu, mwalimu gani rafiki ya mshukiwa ameanza kumpa maksi za ajabu. Kama mitihani iko karibu panga asikose. Akitaka kuhama msaidie, lakini asisukumwe yeye ndio ahame ili shule itulie.

Na kama anayetajwa ni mkuu mwenyewe, dipti au mwalimu yeyote haombi ruhusa ya mtu, anaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti na polisi. Waraka haukusema habari lazima ipitie kwa prinsipali.

Faili ya kesi nzima, nakala ya maelezo, barua zenye muhuri, namba ya OB, orodha ya waliokuja kuomba, ifungiwe kwa kabati yenye funguo mbili na ukihamishwa ukabidhi kwa saini, maana unaweza kuitwa kortini ukiwa shule nyingine kabisa.