SOMO: Gauni la joto kutoka doti moja ya khanga (maswali yote yaje hapa)

Kila kaskazi ikianza kuchoma naulizwa lilelile: "Dada, lile gauni la khanga umelishonaje?" Nimechoka kujibu mmojammoja. Somo hili hapa lote, na atakayeuliza tena nitamleta hapahapa.

Gauni lenyewe ni juu pana, kiuno cha lastiki, sketi ndefu ya marinda. Halina zipu wala bitana. Doti moja inamtosha mtu mwenye kifua hadi sentimita 120. Khanga moja huwa kama sentimita 150 kwa 110, lakini pima ya kwako, zinatofautiana.

1. Toa doti sandukuni, iinue mbele ya dirisha. Kitambaa kilichokunjwa miaka huchakaa kwenye mikunjo. Ukiona mwanga unapenya kwenye mstari, panga ukataji uukwepe.

2. Hakikisha ni pamba. Chomoa uzi ukingoni, uchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu. Polista huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Ya polista shonea pazia, si gauni la Februari.

3. Tenganisha, fua, anika kivulini, piga pasi. Nimesema fua, sikusema chovya.

4. Khanga ya kwanza ni sketi. Ilaze kama inavyofungwa kiunoni, jina (yale maneno yaliyochapwa) likiwa chini. Pima toka kiunoni hadi kifundo cha mguu, ongeza 3, kata ziada upande wa juu. Upana usiuguse. Ukingo wa chini ni wa kiwandani, haufumuki, kwa hiyo huna upindo wa kukunja. Unga kingo mbili za pembeni kuwa mshono mmoja, na mshono huo uukalishe nyuma.

5. Khanga ya pili ni juu. Upana wa kipande cha mbele ni nusu ya kifua, jumlisha 10 za kupumulia na 3 za mishono. Mwenye kifua 100 anakata 63. Urefu ni bega hadi kiuno, ongeza 5. Kama mji (uwanja wa katikati wa khanga) una ua kubwa katikati, kata mbele kwanza ua likae kifuani. Nyuma utaitoa kwa vipande viwili kutoka pembeni na kuviunga katikati ya mgongo. Kama mji ni wa madoa tu, kata vipande viwili bega kwa bega, umemaliza.

6. Shingo. Hapa ndipo doti zinapogeuka matambara ya jikoni, yangu ikiwemo. Khanga haivutiki, kwa hiyo shingo lazima ipitishe kichwa. Zungusha futi kamba kichwani kwanza. Wengi ni 55 hadi 58. Sasa sikiliza vizuri: shingo HUKUA ukishashona. Kila sentimita unayoingiza kwenye mshono inaongeza tundu, haipunguzi. Ukitaka shingo iliyomalizika iwe 9 kila upande kutoka katikati, 15 kwenda chini mbele na 3 nyuma, kata 8, 14 na 2, halafu shona kwa sentimita moja. Ukikata kipimo kamili, gauni litakuteleza begani na hakuna dawa. Usikunje mbele na nyuma pamoja ukakata kina kimoja. Nyuma itazama na gauni zima litakuvutia kisogoni. Ukishakata tu, kabla hata ya kujibu simu, pitisha mshono mmoja wa cherehani kuzunguka shingo, nusu sentimita kutoka ukingoni, isije ikalegea. Kisha shonea utepe uliokatwa kwa mshazari, chanja chanja kwenye mviringo bila kugusa uzi, geuza ndani, piga pasi, shona juu.

7. Unga mabega. Shona mbavu, acha 24 juu kwa mikono, kunja mikono.

8. Juu ya sketi pitisha mishono miwili mirefu isiyofungwa, vuta marinda hadi sketi ilingane na juu. Unga ukiacha 3, zilaze kuelekea juu, zishone chini ziwe njia, pitisha lastiki ya sentimita 2. Tayari.

Sindano namba 11. Kama khanga ni nzito, 14.

MASWALI

mama_pacha: Nahitaji mita ngapi?
— Doti moja. Kichwa cha habari.

mama_pacha: Naona, ila kwa mita?
— Mama, khanga haiuzwi kwa mita. Pima ya kwako.

Zuhura wa Makorora: Dada, nikikaa jina linanifika wapi? Yangu ni "Hasidi hana sababu", sitaki mshono uniachie "sababu" peke yake.
— Swali zuri sana hili. Jina huchapwa katikati ya upana, na mshono wetu uko nyuma, kwa hiyo maneno yanakaa zima mbele, kwenye muundi. Ila ukikata ziada kwa chini badala ya juu, jina ndilo la kwanza kuondoka. Weka pini katikati ya jina, nyingine katikati ya marinda, ziwe mstari mmoja kabla ya kuunga.

fundi_mdogo: Nimeshona, nimefua, limepanda juu ya kifundo. Somo lako lina kasoro.
— Khanga uliifua kabla ya kukata?
fundi_mdogo: Niliilowesha kidogo.
— Hatua ya 3.

Neema K: Nina kitenge badala ya khanga. Kitafaa?
— Kinafaa mno. Vitenge vingi vina upana kama sentimita 115, na pande ya yadi 6 inakupa gauni na mfuko juu yake. Hakina jina la kulinda, kwa hiyo sketi ipe upana hadi mita 2. Kazi ya ziada ni moja: angalia ndege na maua yamesimama upande gani kabla ya kukata, wasije wakaruka kichwa chini mgongoni.

Neema K: Ahsante. Na uzi wa marinda unanikatikia kila nikivuta.
— Gawa sketi sehemu nne, kila sehemu uzi wake. Vuta ule wa chini tu, ule wa bobini.

Zuhura wa Makorora: Khanga yangu nyeupe inaonyesha. Niweke bitana?
— Joto litakumaliza. Vaa shumizi ya pamba.

bibi_Pangani: Wanangu, yangu ina madoa ya kutu ya bawaba ya sanduku. Mimi huyapaka ndimu na chumvi, naweka juani, nasuuza. Hutoka.
— Shikamoo bibi. Ni kweli, ndimu hula kutu. Kwa khanga ya rangi, wengine mjaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha hatua ya 5, maana ndimu hula na rangi pia.
bibi_Pangani: Marahaba. Na usiiache juani ikakauka, suuza ingali mbichi.