Bustani ya mimea ya asili kwenye kiwanja kidogo cha Pwani, kuanzia masika mpaka kiangazi

Hii ni kwa mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 huku Goba, Chanika, Kigamboni, Bagamoyo mpaka Tanga huko, udongo mchanga mtupu, na anataka bustani yenye ndege na vipepeo, sio zile za kupanga miashoki mistari miwili na majani ya paspalamu katikati yanayokunywa bili yote ya maji.

Kabla ya kununua mche wowote, punguza ufagio. Sisi tumezoea uwanja unafagiliwa kila asubuhi mpaka unang'aa alafu majani yanakusanywa kona moja yanapigwa kiberiti, na hapo ndo mbolea yote imeondoka kama moshi. Udongo wetu huu wa mchanga haushiki maji kabisa, kinachoushikisha ni majani yaliyooza, na wa kuyaozesha ni jongoo, minyoo na mchwa ambao hawana cha kula kama kila siku unafagia. Najua mtasema nyoka. Sawa, acha mita mbili au tatu kuzunguka nyumba pawe peupe kabisa, fagia hapo utakavyo, ila kule nyuma na chini ya miti majani yalale yenyewe.

Alafu tujue yupi mwenyeji yupi mgeni, mana hapa watu wengi wanachanganya. Mwembe umetoka Asia, mzambarau pia, mwarobaini na mlonge zimetoka pande za India. Sisemi ukate, nani akate mwembe! Lakini mwarobaini uuangalie, ndege wanakula tunda wanasambaza mbegu, kesho kutwa miche imeota kila kona inabana vichaka vya asili, hiyo midogo ing'oe mapema. Wa kwetu ni mkwaju, mbuyu, mkuyu, mkongo, mkole, mtandamboo, mfudu. Kwenye 20 kwa 20 mti mkubwa ni mmoja tu na mimi ningechagua mkwaju, mbali na ukuta. Mkuyu achana nao kabisa kama una chemba ya maji taka karibu, mizizi yake inafuata maji popote yalipo. Mbuyu nao mzuri, maua yake yanafunguka usiku popo wanakuja, ila huo ni wa mwenye shamba.

Haya, masika. Mashimo chimba Februari au mwanzoni mwa Machi jua likiwa bado kali, futi mbili kwenda chini na mbili upana, changanya udongo wa juu na ndoo ya samadi iliyoiva, uache. Usipande kwa mvua ya kwanza, ile huwa inadanganya, inanyesha siku mbili inakata wiki nzima mche unaungua. Subiri udongo uwe umelowa mpaka ukichimba kwa mkono unakutana na ubichi chini, kwa kawaida ni mwishoni mwa Machi au Aprili, hapo panda fasta ili mche ule mvua yote mpaka Mei.

Kama una hela ya kitu kimoja tu msimu huu weka uzio wa mtandamboo. Una miiba ya maana, maua meupe yananukia vizuri jioni, matunda yakiiva yanakuwa meusi watoto wanakula na ndege wanakula (utomvu mweupe wa mti wenyewe usiuchezee). Panda kila baada ya futi tatu. Faida yake kubwa ni viota. Hawa kunguru wa Kihindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, saivi wamejaa mwambao wote na wanaiba mayai na makinda ya ndege wadogo, sasa kwenye kichaka cha miiba kunguru haingii kirahisi, shore na wenzake wanapata pa kulelea. Karibu yake tia mkole, vitunda vyake vidogo shore anavipenda sana, na Wazaramo wanaujua huu mti kwenye mambo ya unyago kwa hiyo ukimuuliza bibi yeyote wa Kisarawe atakuonyesha ulipo.

Kwa majani ya chini tafuta majani ya Pemba, yale mapana kidogo. Ni ya mwambao huu huu wa Bahari ya Hindi, yanavumilia chumvi na kivuli, panda vipande wakati wa mvua yatatambaa yenyewe.

Masika hiyo hiyo konokono wakubwa watatoka. Nao ni wenyeji hapa Afrika Mashariki, ila mchicha wako watausaga usiku mmoja, kwa hiyo toka na tochi, waokote kwa glavu au mfuko, osha mikono. Usimwage chumvi kwenye matuta, utaua udongo. Jongoo muache apite. Na usikate matawi kipindi hiki, mnana wanafuma viota.

Kipupwe, Juni mpaka Agosti, mvua imekata na upepo wa kusi unakausha kila kitu. Rundika majani makavu kuzunguka kila mche ila yasiguse shina. Ile mbinu ya chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kizibo, ukaichomeka kichwa chini karibu na mizizi, inafanya kazi vizuri tu. Huu ndo msimu wa mishubiri ya asili kutoa maua mekundu na ya chungwa wakati vingine vimelala, na hapo utamuona chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda. Na lile gugu la barabarani lenye mafundo ya mviringo ya miiba, maua ya chungwa yamepandana ghorofa ghorofa kwenye shina moja, usiling'oe lote, chozi analifuata hatari.

Vuli ikifika, Oktoba hadi Desemba, kazi ni mboga. Mgagani, mlenda na kunde zinaota bila kubembelezwa. Nzige na viwavi watakuwepo, na wale viwavi kwenye mndimu wanaofanana na kinyesi cha ndege wakiwa wadogo alafu wanageuka kijani, hao ni watoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Mndimu mkubwa hauwezi kufa kwa ajili yao, kama ni mche mdogo wahamishe kwa mkono. Ukipuliza dawa unaua nyuki pamoja nao. Mbayuwayu kutoka Ulaya nao wanafika kipindi hiki, na kumbikumbi wakitoka baada ya mvua kila ndege wa mtaa yuko kwako.

Kiangazi, Januari na Februari, weka sahani pana ya maji kivulini na jiwe katikati ili nyuki wasizame. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na sahani isugue, mana mbu wa dengi anataga kwenye vyombo kama hivyo na Dar tumeshaona milipuko 2014 na 2019. Waridi la jangwa litachanua sasa, nalo ni la pwani yetu, ila utomvu wake ni sumu iliyowahi kutumika kwenye mishale, watoto wakae mbali, na masika lihamishie chini ya paa lisioze.

Mbegu za masika ijayo ndo unaotesha sasa, ukichelewa mche utakuwa mdogo mno. Za mkwaju loweka usiku kucha, za mbuyu mwagia maji ya moto uache siku nzima, alafu tia kwenye viriba, hata pakiti za unga zilizotobolewa chini zinatosha. Miche ya kununua, ulizia kwenye vitalu vya TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, kabla ya wale wa barabarani, barabarani mtandamboo huupati, watakuuzia bogenvilia.