Vastu kwa wakwe: kuanzia orodha ya maharaj hadi kuzoa majivu

Nimeandika haya baada ya kumsaidia shoga yangu wa Upanga, Dar es Salaam, aliyeolewa na Mhindu wa Kigujarati na kuambiwa aandae ibada ya kubariki fleti yao mpya. Swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu mantra, yale maneno matakatifu yanayosomwa kwenye ibada. Mantra ni kazi ya maharaj, yule kasisi. Kazi yako wewe mkamwana ni tatu: vitu viwepo, moto uwake bila kuleta balaa, na ujue pa kukaa.

Ibada yenyewe Wagujarati huiita vastu, wengine griha pravesh. Ninayoieleza ni ya Kigujarati kwa sababu ndiyo niliyoolewa nayo. Kama wakwe zako wanatoka kusini mwa India, kuna maziwa huchemshwa mpaka yafurike jikoni kwa makusudi, kwa hiyo ukiyaona yanamwagika usikimbilie kuzima jiko.

Hatua ya 1: Siku na saa

Usilipie gari la kuhamisha vyombo kabla maharaj hajatoa siku. Kuna vipindi ambavyo hakuna anayeingia nyumba mpya: kamurta, kuanzia katikati ya Desemba hadi Januari 14, siku za shraddh za kuwakumbuka wazee waliotangulia, ambazo huangukia karibu na Septemba, na familia nyingine hukwepa miezi minne yote ya Chaturmas, msimu mtakatifu wa wakati wa mvua za India. Mwenye nyumba wako akitaka funguo zichukuliwe mwishoni mwa Desemba, chukua funguo, lipa kodi, lakini usilale humo.

Halafu kuna saa. Nyumba nyingi zina kalenda ya ukutani iliyochapishwa India, ambako saa zao ziko mbele ya zetu, na hapo ndipo shemeji mmoja hujitokeza na kusema, "Toa saa mbili na nusu, basi." Kwa tithi, yaani siku ya mwezi mwandamo, yuko sahihi, kwa kuwa tithi huisha dakika ileile duniani kote. Kwa choghadiya amekosea. Choghadiya ni mchana uliogawanywa mafungu 8 kuanzia jua linapochomoza mahali ulipo, na jua la Rajkot, kule Gujarat, si jua la Dar es Salaam. Huku kwetu mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kila fungu ni kama saa moja na nusu. Chukua Jumatatu ambayo jua limechomoza saa 12:15: fungu la kwanza ni Amrit, jema, mpaka saa 1:45; linafuata Kaal, baya, mpaka saa 3:15; kisha Shubh, jema, mpaka saa 4:45. Ukitoa saa mbili na nusu kibubusa unaweza kuingia nyumbani katikati ya Kaal, na Ba, mama mkwe, ataligundua hilo kabla hujavua viatu.

Mimi napenda maharaj wa hapahapa mjini apige hesabu, si mjomba wa Ahmedabad kwa simu.

Hatua ya 2: Orodha

Maharaj hutoa orodha kwa Kigujarati. Mpe wifi aisome huku wewe ukiandika majina unayoyajua, na utashangaa jinsi nusu yake ilivyo ya sokoni kwetu. Sopari ni popoo. Nagarvel ni majani ya tambuu. Tal ni ufuta, jav ni shayiri, gor ni sukari guru, kapur ni kafuri, haldar ni manjano, mag ni choroko, na ghee ni samli. Iliki, karafuu na asali unavyo kabatini. Kanku, ule unga mwekundu, uzi mwekundu wa nadachhadi na mchanganyiko wa samagri wa kutupa motoni utavipata kwenye maduka ya vifaa vya ibada; kwa Dar es Salaam anzia Kisutu, mtaa wa mahekalu.

Vitatu vinahitaji macho. Mchele uwe mzima, punje zisivunjike. Kaa na ungo uchague. Samli iwe ya maziwa kweli. Mafuta ya kuganda ya mboga hutoa moshi mzito na harufu yake inajulikana tangu mlangoni. Na nazi: muuza nazi wetu ana mazoea ya kuikwangua mpaka ing'ae, wakati ya ibada lazima ibaki na shungi juu, zile nyuzi zinazofunika macho yake. Mwambie kabla hajashika panga. Nunua na za akiba.

Hatua ya 3: Zungumza na wifi mapema

Kama nyumba ni ya wakwe, wewe ni msaidizi na unaweza kukaa pembeni. Kama nyumba ni yako na mumeo, mtakaa wote wawili mbele ya moto. Mimi ni Mkatoliki, na niliyoweza kuyafanya na nisiyoyaweza niliyasema kwa mama mkwe wiki kadhaa kabla, kupitia mume wangu. Nilikubali kukaa, kushika mkono wa mume wangu anapotoa sadaka na kupokea alama kwenye paji la uso. Kusoma nisichokiamini nilikataa, na hakuna aliyenuna. Wanaonuniwa ni wale wanaosubiri maharaj awaambie "sema hivi" ndipo watikise kichwa mbele ya wageni.

Jambo la pili ni hedhi. Familia nyingi hazimkalishi mwanamke aliye kwenye siku zake. Ukiona tarehe zinagongana, mwambie wifi wakati siku ya ibada bado inaweza kusogezwa, si asubuhi yake.

Nguo nyeusi hapana. Nyama, mayai, vitunguu na vitunguu saumu visiingie jikoni siku hiyo, na mabaki ya kuku kwenye friji yaondoke usiku wa kuamkia. Salamu ni "Jai Shri Krishna," au "Jai Swaminarayan" kama ndiyo madhehebu yao. Wakubwa unawainamia na kuwagusa miguu, ukianza na mkubwa kuliko wote chumbani, ambaye mara nyingi ni shangazi wa mume wako. Huyo huitwa foi, na usimsahau kwa lolote lile.

Hatua ya 4: Mlango

Piga deki. Funga kamba ya majani ya mwembe juu ya mlango, majani mabichi yasiyotoboka. Wifi atachora sathiyo, yaani swastika, kwa kanku kwenye kizingiti. Mgeni akishtuka na kumkumbuka Hitler, mwambie alama hiyo ni ya heri kwa Wahindu, Wabuddha na Wajaini, na ilikuwako maelfu ya miaka kabla ya huyo.

Hatua ya 5: Kuingia

Lota, kile chungu kidogo cha shaba, yenye maji, majani matano ya mwembe au tambuu mdomoni, nazi juu, shungi likitazama mbinguni. Nani anaibeba ataamua mama mkwe. Mara nyingi ni msichana wa ukoo ambaye hajaolewa. Mguu wa kulia kwanza. Basi.

Hatua ya 6: Kukaa

Maharaj ataanza na mungu Ganesh, kisha sayari tisa, kisha Vastu Purush, roho ya nyumba, yule anayelala kifudifudi chini ya kila nyumba, kichwa kaskazini-mashariki. Wewe utafungwa fundo, kona ya sari yako kwenye shali ya mumeo, na maharaj atakuonyesha ukae upande gani. Kwa kawaida ni kuliani kwa mumeo. Mume anapotoa kitu, gusa mkono wake wa kulia kwa mkono wako wa kulia. Usipokee wala kutoa chochote kwa kushoto. Inachukua saa kadhaa sakafuni, kwa hiyo weka mto mwembamba chini na nenda msalani kabla fundo halijafungwa.

Hatua ya 7: Moto

Hapa ndipo watu hupoteza nusu siku, na hapa ndipo nitakuomba uvumilie maneno mengi.

Havan ni moto wa kweli, wenye kuni na samli, ndani ya sebule yako. Kwenye nyumba ya uani si taabu. Kwenye fleti ya ghorofa ya nne kuna vigae, kuna kengele ya moshi, kuna jirani mwenye pumu.

Anza na mahali. Pembe ya moto ni kusini-mashariki. Usitegemee dira ya simu ukiwa ndani, maana nondo za zege na grili za dirisha huipotosha. Toka nje kabisa, tazama, kisha rudi ukikumbuka. Kama pembe hiyo ya nyumba ni choo au chumba kisicho na dirisha, mwulize maharaj kabla ya siku. Wengi wanakubali kusini-mashariki ya sebule yenyewe, na ukiweza kuisogeza karibu na mlango wa baraza, umepona.

Sakafu. Chombo cha moto, havan kund, kinapata joto chini kuliko watu wanavyodhani. Nimeona kigae kikipasuka kwa mlio katikati ya ibada kwenye nyumba ya jamaa, na maharaj hakunyamaza hata sekunde, ila bibi mwenye nyumba alinyamaza siku nzima. Weka sinia kubwa la bati, juu yake mchanga mkavu unene wa vidole vitatu, juu ya mchanga matofali ya kuchoma yaliyolazwa, ndipo kund. Mchanga wenye unyevu usitumie. Watu huniambia karatasi ya foili inatosha. Haitoshi.

Kuni. Maharaj wengi hutaka mwembe, nao kwetu haukosekani, lakini mti uliokatwa juzi utawaliza wote. Kata mapema, pasua vipande vyembamba kama kidole gumba na vifupi kuliko upana wa kund, anika juani. Wakati wa masika jua haliaminiki; vilaze usiku kucha jikoni karibu na jiko. Jaribu kimoja siku moja kabla: kikitoa povu mwishoni au kikifuka badala ya kuwaka, bado. Mbao za kreti na mabaki ya samani hazifai, kwa kuwa zimepakwa rangi na dawa. Mafuta ya taa hayaguswi, si kwa sababu ya dini peke yake. Moto huwashwa kwa kafuri na utambi wa pamba uliolowa samli, na kuni zikiwa kavu hautaki kingine.

Hewa. Zima feni ya dari, inarusha cheche. Zima kiyoyozi pia, kinavuta moshi na kuuzungusha ndani. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana. Kengele ya moshi ni suala la msimamizi wa jengo: mwambie siku mbili kabla, akuzimie ya sebuleni, akuwashie baadaye. Kuifunika kwa mfuko wa plastiki ndiyo njia ya wengi, na mifuko hiyo hubaki pale miezi. Jirani wa juu na wa pembeni wagongee mlango jana yake. Mwenye pumu au mtoto mchanga akae chumba cha mbali mlango umefungwa, na mama mkwe akisema moshi huu ni dawa, itikia, lakini mgonjwa au mtoto usimtoe chumbani.

Nguo. Sari ya kitambaa cha nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Vaa pamba au hariri, na ile kona inayoning'inia begani ichomeke kiunoni.

Wakati wa kutoa sadaka, samagri hutupwa kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, gumba, cha kati na cha pete, kiganja kikitazama juu, kila maharaj anapofika kwenye neno "swaha" linalofunga mantra. Samli huingia kwa kijiko cha mti chenye mpini mrefu. Iyeyushe mapema, na sufuria yake ikae upande wa pili wa mume, mbali na moto. Kidogo kidogo. Mume wa shoga yangu alikuwa na mkono mzito na mwali ukapanda mpaka usawa wa kifua chake.

Mwisho ni purnahuti, na hapo mwali ndio mkubwa kuliko yote. Inayotumbukizwa ni mbata nzima, nazi iliyokauka, imefungwa kitambaa chekundu. Hakikisha ni mbata. Nazi mbichi yenye maji ndani inaweza kupasuka ikipata joto, na hutaki vipande vyake vyenye samli ya moto viruke mbele ya foi. Rudisha watoto nyuma kabla haijaingia.

Ndoo ya mchanga iwe karibu. Maji usimwagie: kwenye samli inayowaka yanaurusha moto juu, na moto wa havan hauzimwi, unaachwa ufe wenyewe.

Hatua ya 8: Lapsi na bahasha

Chakula cha kwanza kupikwa kwenye jiko jipya ni lapsi. Kaanga kikombe cha ngano iliyobunjwa kwenye samli mpaka iwe nyekundu na inukie, mimina vikombe vitatu vya maji yanayochemka, funika. Sukari guru iingie ngano ikishalainika. Ukiitia mapema ngano itabaki ngumu hata upike mpaka jioni. Iliki mwishoni.

Bahasha za maharaj, foi na wifi ziandaliwe jana yake. Kiasi kiwe na moja mwishoni, kama 501 au 1,001. Kwetu shilingi moja haishikiki tena, kwa hiyo watu huweka sarafu juu ya noti. Ya maharaj hutolewa pamoja na tambuu na popoo. Kiasi chake mwulize baba mkwe, usimwulize maharaj.

Hatua ya 9: Usiku na kesho yake

Nyumba haifungwi ikaachwa tupu usiku huo. Laleni humo, hata kama ni kwenye godoro sakafuni, na taa ya samli ibaki kwenye sinia la chuma, mbali na pazia.

Majivu yaguse kesho yake mchana, si kabla, maana makaa hukaa hai chini ya mchanga. Hayaendi jalalani: sehemu huwekwa kwenye vyungu vya maua, mengine hupelekwa baharini au kwenye maji yanayotiririka. Madoa ya samli kwenye vigae nyunyizia unga wa dengu mkavu, acha unyonye, kisha sabuni na maji ya moto. Majirani uliowagongea mlango wapelekee sahani ya lapsi ikiwa bado ya moto, na wa ghorofa ya juu awe wa kwanza, kwa sababu moshi wote ulipita kwake.