Tairi la gari kwenye pikipiki: anza na bima, fundi baadaye

Ndugu zangu wenye pikipiki kubwa za safari, hasa mnaotoka Tabora kwenda Kigoma kupitia Urambo na Kaliua, najua tairi la gari nyuma linavutia. Linadumu. Marekani wapo wenye Honda Gold Wing wanaolifunga. Lakini kabla fundi hajagusa rimu, iandikieni kampuni ya bima, nayo ijibu kwa maandishi. Neno la wakala kijiweni halitakusaidia siku ya madai.

Tairi la pikipiki lina mgongo wa mviringo ili lilale nawe kwenye kona. La gari ni bapa, na hata ukingo wake unaokaa kwenye rimu umeundwa tofauti. Mkaguzi akilikuta baada ya ajali, ana hoja tayari: ulibadili chombo bila kutoa taarifa. Hapo mwenye bima kubwa anaweza kukosa fidia ya pikipiki yake. Mwenye bima ndogo naye asijidanganye; kampuni ikimlipa uliyemgonga, inaweza kukugeukia wewe uirudishie.

Kwenye barua taja ukubwa wa tairi, ambatanisha picha, na nakala ubaki nayo.