Unataka kukata mti kwenye kiwanja chako hapa Dodoma? Anza na karatasi kwanza

Jamani mti kuwa ndani ya uzio wako haimaanishi unaamka tu asubuhi unaukata. Jirani yangu huku Nzuguni alimwita kijana wa msumeno wa mashine Jumamosi, mti wake wa mkungugu ukaanguka saa nne, saa sita mtendaji yuko getini anauliza kibali, hakipo, Jumatatu nzima jirani akashinda ofisini anajieleza. Na mimi naona wako sawa kukaza, hapa mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi, mti mkubwa ukishauangusha kuurudisha ni miaka mingi.

Kwanza ujue ni mti gani. Mwarobaini au mkaratusi ulioupanda mwenyewe hauna shida sana, ila kuna miti iliyohifadhiwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mpingo na mninga kwa mfano, hiyo hata ikiwa shambani kwako lazima upite TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Kama hauujui muulize mzee yeyote wa hapo mtaani, wazee wetu wa Kigogo wanaitambua hata kwa gome tu.

Halafu andika barua, na hapa ndo wengi wanakwama. Iandikwe kwa Mkurugenzi wa Jiji, chini yake K.K. (yaani kupitia kwa) Mtendaji wa Kata na K.K. Mtendaji wa Mtaa, kisha YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUKATA MTI. Usiandike tu "mti unanisumbua". Sema uko wapi, kiwanja namba ngapi, kitalu gani, mti umeinamia nini, mizizi imepasua msingi au karo, ni mmoja au mitatu. Ambatanisha picha, fotokopi ya hati au ofa ya kiwanja au yale makaratasi ya mauziano, na kitambulisho cha NIDA. Toa kopi mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa ubaki nayo, maana barua zinapotea na bila ule muhuri unaanza upya.

Ukishagongewa mtaani na kata, ipeleke jiji, afisa misitu au mazingira atakuja kuuona mti. Siku hiyo uwepo mwenyewe, mwambie ukweli. Wakati mwingine atakushauri upunguze matawi tu, tafadhali kubali, kivuli cha Septemba na upepo wetu huu utakikumbuka sana ukishaukata.

Kama kuna malipo utapewa kontrol namba, ile namba ya kulipia serikalini, lipa kwa simu au benki utunze risiti. Hela ya mkononi usitoe, hata akisema ndo haraka.

Matawi yakigusa waya za umeme usipandishe mtu na panga, ripoti TANESCO kwanza, watu wanakufa kwa hilo.

Na kibali cha kukata sio cha kusafirisha. Ukitaka kupakia magogo, mbao au mkaa kwenye kirikuu utoke nao, nenda TFS uchukue hati ya kusafirishia kabla gari halijawashwa, vizuizi vya barabarani wanaitaka hiyo, na mzigo bila hati unakamatwa. Kile kibali orijino kaa nacho mpaka gogo la mwisho litoke kiwanjani.