Mwenyekiti ana kura ngapi? Hesabu ya majaji wanne wa asali

Maonyesho ya asali hapa Tabora hayakosi ubishi, na mimi nimekuwa katibu wa majaji mara kadhaa. Safari moja kura zilifungana 2 kwa 2 kati ya chupa namba 3 na namba 7. Mwenyekiti, ambaye alishapiga kura yake, akapiga nyingine ya uamuzi. Mfugaji wa namba 3 akauliza, kwa adabu kabisa: "Shikamoo mzee. Kwani wewe una kura ngapi?" Kimya. Nikaenda nyumbani kuhesabu kwa mahindi na maharage. Chukua nawe punje zako.

Hatua ya 1: Uliza mwenyekiti anapiga kura lini. Yupo anayesubiri hadi wenzake wafungane, na yupo anayepiga kama jaji, kisha akarudia zikifungana. Makamu wa Rais wa Marekani ni wa aina ya kwanza: katika Seneti hana kura mpaka zifungane. Kamala Harris alipiga kura 33 za namna hiyo, na hakuna makamu aliyewahi kupiga nyingi kuliko yeye.

Hatua ya 2: Mpime anayesubiri. Hindi ni namba 3, haragwe ni namba 7. Majaji wanne wanaweza kugawanyika kwa namna 16. Zipange zote mezani, usikisie. Zinazofungana ni 6. Sasa mfanye mwenyekiti jaji wa tano wa kawaida: kura yake itageuza matokeo pale tu wenzake wanne wanapofungana, yaani zilezile 6 kati ya 16. Anaonekana mkubwa kwa sababu anapiga mwisho huku watu wakimkodolea macho.

Hatua ya 3: Mpime wa kura mbili. Hapa usiharakishe. Yeye ni mmoja wa wanne, basi panga wenzake watatu: namna 8. Kura yake haibadilishi kitu pale tu wote watatu wanapokuwa upande mmoja, namna 2. Zilizobaki 6, atakalo ndilo linalokuwa. Mgeukie jaji wa kawaida: anageuza matokeo pale tu wenzake wawili wako pamoja na mwenyekiti yuko upande wa pili. Namna 2 kati ya 8. Ile inayoitwa "kura moja tu ya ziada" imempa mwenyekiti nguvu mara tatu ya mwenzake!

Hesabu hii inafaa chupa zinazokaribiana. Asali inayonuka moshi wa kurinia itakataliwa na wote. Nazungumzia zile mbili za mwisho, ambazo umelamba kijiti, ukasukutua maji, ukalamba tena, na bado hujui.

Hatua ya 4: Andikeni utaratibu kabla chupa hazijafunguliwa. Ama mwenyekiti asipige kura ya kwanza, ama mwongeze jaji. Sisi msimu uliofuata tulimwita mama mmoja muuza asali awe wa tano. Ikawa 3 kwa 2, na mwenyekiti alikuwa kwenye wale wawili.