SOMO: Kocha wa tenisi Malindi na kujiunga na chama cha makocha

Salaam ndugu zangu. Msimu wa wageni ukikaribia, simu yangu hujaa swali moja: "Kocha, nijiunge na chama gani ili hoteli inichukue?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Cheti ni ushahidi kwamba ulisomea kazi na ukapita mtihani. Uanachama ni ada ya kila mwaka, usipolipa, umetoka. Ukitaka uanachama ufanye kazi ya cheti, utalipa kisha ulalamike.

1. Anzia nyumbani. Shirikisho letu ni Tennis Kenya, na kozi za makocha za ITF, yaani Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, hapa nchini hupitia kwao.

2. Fungua akaunti ya ITF Academy. Kuna masomo ya bure na simu inatosha.

3. Chukua cheti cha tabia njema kupitia eCitizen. Unafundisha watoto wa watu, wazazi wana haki ya kukiona.

4. Jina. Hapa soma polepole. Huku pwani mtu mmoja ni Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye cheti cha shule, na Mudi kwa wateja. Jina utakaloandika siku ya kujisajili ndilo litakalochapwa kwenye cheti, na ndilo mwajiri atakalolitafuta kwenye orodha ya wanachama. Nimeona kijana hodari akikosa kazi ng'ambo kwa sababu pasipoti ilikuwa na majina matatu na cheti mawili, tena herufi hazilingani. Weka kitambulisho mbele yako, nakili herufi kwa herufi. Usimwachie mtu wa saiba akuandikie, na usikubali atumie barua pepe yake. Mwaka ujao nywila itakuwa kwake, na siku hiyo huenda duka limefungwa.

5. Malipo ya ada ya chama: kadi ya Visa ya mtandaoni iliyo ndani ya M-Pesa.

6. Bima. Vyama viwili vikubwa vya makocha vya Marekani ni PTR, kilichoanza 1976, na kile cha 1927 tulichokizoea kwa jina la USPTA, siku hizi RSPA. Wanaposema mwanachama ana bima, uliza inafanya kazi nchi gani. Mgeni akiteleza kwenye uwanja wenye mchanga huko Casuarina, bima iliyoandikiwa kazi ya Marekani haitakutoa. Muulize mwenye hoteli kuhusu bima ya uwanja wake, na jibu liwe kwa maandishi.

Kwangu mimi faida kubwa ni kuendelea kufundishwa. Mpe mtoto wa miaka sita mpira wa kawaida: unadunda na kumpita juu ya kichwa, anapunga raketi hewani, baada ya robo saa anataka maji. Mpe mpira mwekundu wa watoto, ambao mwendo wake ni pungufu kwa asilimia 75, kwenye uwanja wa mita 11 badala ya 23.77. Unamfikia kiunoni, anaurudisha, unarudi tena, anacheka. Mzazi aliyekaa pembeni ameona yote, na kesho analeta mdogo wake. Mambo haya hufundishwa, na vyama huyafundisha.

MASWALI

kijana_wa_maweni: Kwa hivyo nikilipa PTR nitapata kazi?
— Rudi aya ya pili.

kijana_wa_maweni: Sawa, ni pesa ngapi?
— Uanachama una aina zake na bei hubadilika. Iko kwenye tovuti yao.

mzee_baraka: Hivi vyama ni vya wazungu kula pesa zetu.
— Mzee wangu, hakuna anayelazimishwa. Dennis Van der Meer aliyeanzisha PTR alizaliwa Namibia, na ndiye aliyemnoa Billie Jean King, yule bingwa wa Marekani. Kama ada ni nzito, anza na masomo ya bure, hatua ya 2.

raketi_ya_shela: Mwalimu, mimi nafundisha watoto wa shule ya msingi. Hatuna uwanja, tuna sakafu ya saruji tu. Inafaa nijiunge au nitachekwa?
— Dadangu, wewe ndiye ninayemwandikia. Piga chaki mita 11 kwa 5.5, funga kamba kati ya viti viwili, kimo sentimita 80. Huo ni uwanja kamili wa mpira mwekundu. Anza na kozi ya Tennis Kenya, uanachama uje baadaye. Picha za watoto usizirushe mtandaoni bila idhini ya wazazi.

raketi_ya_shela: Asante sana. Na upepo wa kusi?
— Usinunue mipira ya sponji, itapeperuka. Chukua ile yenye manyoya. Na panga watoto upepo uwapige ubavuni, usiwapige usoni upande mmoja tu.

mzee_baraka: Haya, na nyuzi za raketi? Zangu zinakatika ovyo.
— Ni zile za utumbo wa mnyama? Hewa yetu ya unyevunyevu haziipendi. Weka za nailoni, na raketi usiiache kwenye gari juani.